Majani Yaliyo Chini ya Mabenchi

Mheshimiwa Baba Askofu. Baba Mchungaji na Mama Mchungaji. Mwenyekiti wa baraza la wazee pamoja na wazee wote, mlio macho na yule mmoja anayesinzia. Mafundi wenzangu wa karakana ya kanisa. Akina mama wa kwaya, mlioimba vizuri hata mke wangu akasahau kwamba anayeagwa ni mumewe. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe dada yangu Fundi Shoto, uliyepanda basi tangu alfajiri ukaja kukalishwa kiti cha mbele kabisa, pengine bila kupenda: nawasalimu nyote katika jina la Bwana wetu.

Nilikuwa na hotuba ya kurasa mbili. Mama watoto aliisoma jana, akaniondolea utani wote, akaongeza shukrani. Iko hapa mfukoni na itabaki hapo hapo. Naomba mama usinitazame hivyo, maana nikikutazama na mimi nitaitoa niisome, kisha nitakwenda nyumbani nikiwa mwongo uleule niliyeingia humu leo asubuhi.

Waliopanda hapa kabla yangu ni watatu, na wote watatu wamesema kwamba mimi ni mtu mnyenyekevu. Fundi asiyependa makuu, wamesema. Mtu wa mbao nyoofu na maneno machache. Nilikuwa nimekaa pale natazama viatu vyangu, na ninyi mkadhani hiyo nayo ni dalili ya unyenyekevu. Ndugu zangu, mmenivika kilemba cha ukoka, na kosa si lenu, kwa sababu ukoka wenyewe nimeupanda mimi, nikaumwagilia maji kwa miaka ishirini na miwili.

Wote mnajua kilichotokea mwezi uliopita. Tulipoamua kubadilisha vigae vya sakafu, mabenchi yote arobaini na sita yalitolewa nje na kulazwa kifudifudi uani. Ndipo akina mama waliokuja kufagia walipoona majani. Chini ya kila benchi, pale mtu anapoweka makalio kwa upande wa juu, ubao ulikuwa umechongwa majani ya maboga, mapana, yenye mishipa, na vikonyo vyake vilivyojisokota. Watu walikuja na simu zao kupiga picha. Baba Mchungaji alihubiri juu ya majani hayo Jumapili mbili mfululizo, na mahubiri yalikuwa mazuri, alitufundisha juu ya mtumishi anayemtumikia Mungu mahali pasipoonekana na mtu. Mzee mmoja akakumbuka kwamba zamani palikuwa na fundi wa kike aliyependa kuchonga majani ya aina hiyo. Basi kazi ikapata mwenyewe, dada akatafutwa, akapatikana, akaalikwa. Na ratiba mliyonayo mikononi inasema kwamba mwisho wa hotuba yangu nitamkabidhi cheti cha heshima kwa kazi hiyo, mimi kama aliyekuwa mkuu wake, halafu tupigwe picha tukiwa tumeshikana mikono.

Je, kuna hata mmoja wenu aliyejiuliza ni kwa nini benchi tulilolitengeneza miaka sita iliyopita lina majani, wakati dada huyu aliondoka kwetu miaka ishirini na miwili iliyopita? Hakuna. Nami nilijua kwamba hakuna atakayeuliza. Nikajitia hamnazo, nikasema amina kama wengine.

Majani yale niliyachonga mimi.

Naomba msipige makofi! Wewe uliyeanza kule nyuma, shusha mikono tafadhali. Sijasema haya ili nisifiwe. Kama ningekuwa nimechonga tu kwa siri, leo tungecheka, tungekula, tungeondoka. Subirini niwaeleze nimeyatoa wapi.

Kwa vijana ambao hamkumkuta: Fundi Shoto alifanya kazi karakanani kwetu miaka minne. Tulimwita hivyo kwa sababu anashika nyundo, kijiko na kalamu kwa mkono wa kushoto, na kwa sababu watu wa karakana hawawezi kumwita mtu jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi kuliko sisi wote. Sisemi hivyo kwa kuwa yupo. Nasema kwa kuwa wakati ule sikuwahi kulisema. Alipokuwa na dakika tano za bure aliokota kipande cha mbao kutoka kwenye takataka, akatoa kisu, na ukirudi unakuta kipande kina sikio la mbuzi au kidole cha mtoto. Ukimuuliza ni cha nini, anajibu, "Si cha kitu, kaka. Kilikuwa kinaniwasha."

Kinawasha. Nani kati yetu hajawahi kuwashwa namna hiyo? Kuna mama hapa ambaye hawezi kusuka mkeka bila kuutia mstari mmoja ambao haukuagizwa. Kuna mwalimu wetu wa kwaya anayesimama katikati ya barabara kwa kuwa sauti ya nne imemjia, na magari yanampigia honi. Mimi nilikuwa nawashwa tangu nina akili zangu. Lakini nilikuwa nimeamini, na nililiamini kwa moyo wote, kwamba muwasho ule ni majaribu. Niliamini kwamba Mungu anataka kiti kikalike na mlango ufungike, na kwamba kinachozidi hapo ni mtu kujitafutia jina. Nilifunga na kuomba aniondolee. Siku tatu, bila chakula, kila mwaka kabla ya Pasaka. Nilimwomba Mungu aniondolee kitu ambacho alikuwa amenipa yeye mwenyewe, na kila alipokataa nilidhani sijafunga vya kutosha.

Sasa mimbari. Tuliagizwa tutengeneze mimbari mpya, hii ninayoiegemea. Mbao za pembeni nilizifanya mimi na wenzangu. Ubao wa katikati, huu wa mbele unaotazamana nanyi, nilimpa Shoto aulainishe. Alikaa nao siku tisa. Siku ya kumi baraza la wazee lilikuja kukagua, na nilipofunua turubai alilokuwa ameufunikia ubao, palikuwa na majani ya maboga kutoka chini mpaka juu, yamepandana, moja limekunjika ncha kama limepigwa na jua, na katikati yao ua moja ambalo halijafunguka.

Nilisikia machozi yananilenga. Nataka mlijue hilo, kwa sababu ndilo linalofanya kilichofuata kiwe kibaya.

Mzee mmoja, ambaye sasa ni marehemu na alikuwa mtu mwema, akauliza, "Hii ni mimbari au ni shamba?" Watu wakacheka. Mwingine akamuuliza dada kwa nini maboga, kwa nini si msalaba. Shoto akasema, "Mzee, hayo ndiyo yaliyokuwa dirishani nikifanya kazi. Mungu ndiye aliyeyachora kwanza, mimi nimeiga tu." Halafu mwenyekiti wa wakati ule akanigeukia. "Mkuu wa karakana, wewe unasemaje?"

Walikuwa hawajaamua, ndugu zangu. Ningesema "ni kazi nzuri, wazee wangu," wangekubali, wangeenda kunywa chai. Neno langu lilikuwa na uzito. Na mimi nilikuwa nimesimama pale na wivu umenijaa. Mtu huyu alikuwa amekiweka hadharani kile nilichokuwa nakifungia ndani na kukiombea kife, na hakuonekana hata kuogopa. Nikasema, "Ni majivuno. Nitairekebisha."

Nilichukua randa. Kibano cha meza yetu kilikuwa kimevunjika wiki ile, na ubao usiposhikwa hauwezi kupigwa randa, unateleza. Mafundi wengine walikuwa wametoka na wazee. Tulibaki wawili. Nikamwambia, "Dada, shika huku."

Akashika.

Alinishikia ubao wake mwenyewe kwa mikono miwili nami nikaukwangua. Mafundi mliopo mnajua kwamba kilichochongwa kwa kina hakitoki upesi. Ua lilitoka mapema. Lile jani lililokunjika ncha lilinisumbua, ikabidi nilirudie na kulirudia, na maranda yalikuwa yanamwangukia yeye kwenye viganja. Nilipomaliza alichukua ufagio akafagia maranda yote, akatundika aproni yake msumarini, na mwisho wa wiki hakurudi tena. Jumatatu iliyofuata mafundi wakaanza kuniita Mzee Randa. Ninyi mnaniita hivyo kwa upendo, na watoto wenu nao wananiita Babu Randa. Sasa mnajua jina lilikoanzia.

Mkitaka ushahidi, mliokaa viti vya mbele tazameni. Ubao wa katikati umezama ndani kuliko wa pembeni, kiasi cha unene wa kidole. Mnauona? Kila Jumapili mmekuwa mkiutazama. Baba Mchungaji, umehubiri unyenyekevu wangu ukiwa umeegemea hapo.

Wiki tatu baadaye nilikuwa natengeneza benchi lililolegea, saa ya chakula cha mchana, wenzangu wakiwa wameenda kula. Nililala chali chini yake nikaze skrubu. Patasi ilikuwa mfukoni. Nikasema, moja tu. Nikachonga jani moja, la maboga, lile la ncha iliyokunjika, maana nilikuwa nimelishika kichwani lote, mshipa kwa mshipa. Nikacheka peke yangu kule chini. Halafu nikatubu. Kesho yake nikachonga la pili, na la pili nalo nikalitubia.

Hivyo ndivyo nilivyoishi. Naharibu ya mwenzangu juu, nachonga yaleyale chini. Mke wangu aliniuliza siku moja, "Baba watoto, wenzako wanarudi na vumbi la mbao mabegani, wewe mbona unalo kwenye nyusi?" Nikamwambia ni upepo. Upepo gani mle karakanani, mama? Najua hukuniamini.

Kuna jambo jingine dogo, na hilo linaniuma kwa namna yake. Watu pekee waliowahi kuyajua majani yale ni watoto wenu. Mahubiri yakirefuka wanapeleka vidole chini ya benchi na kupapasa. Wamebandika huko ubani wa kutafuna wa miaka na miaka, nimeukwangua kwa mikono yangu. Siku moja binti wa miaka mitano hivi alimwambia mama yake kwa sauti, "Mama, huku chini kuna majani!" Mama akamfinya, akamwambia aache uongo kanisani. Mtoto akalia. Nilikuwa benchi la nyuma yao. Nilisikia kila neno, nikainamisha kichwa kama mtu anayesali.

Sasa leo asubuhi. Dada alipofika, akina mama walimpeleka kwenye mabenchi kwa shangwe, wakampindulia moja. Alipiga magoti, akapitisha mkono. Akatulia. Akapitisha tena. Kisha akaniambia angependa kuiona stoo ya zamani, tukaenda, akaufunga mlango.

"Kaka," akasema, "majani ni yangu. Mkono si wangu. Mimi ni shoto, na mikato yote ya pale imeingia kutoka kulia."

Nikainamia viatu vyangu.

"Ni wewe?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Alicheka kwanza, alicheka sana, akasema, "Miaka yote hiyo mtu mzima uko chini ya benchi kama fundi wa magari?" Nami nikacheka naye, mjinga mimi, nikadhani yameisha. Halafu akaacha kucheka. Akasema, na namnukuu kama alivyosema kwa kuwa ameniruhusu: "Mimi nilijua unaichukia kazi yangu. Nikasema sawa, mtu ana haki ya kuchukia. Nikaenda zangu, nikapata karakana yangu, nachonga milango ya watu, nimesomeshea watoto. Kumbe ulikuwa unaipenda. Afadhali ungeichukia, kaka. Ningekuelewa."

Nikamuuliza nifanye nini. Akaniambia, "Mimi nimekuja kula na kusikiliza. Hayo mengine ni yako na Mungu wako."

Mungu wangu. Nimekaa naye miaka sitini, nikimwita Muumba katika kila sala, asubuhi na jioni, mpaka neno likawa halina maana kinywani mwangu zaidi ya salamu ya njiani. Muumba! Kabla hajatuambia tufanye hili na tusifanye lile, kabla ya amri hata moja, alikuwa ameshaumba, na alipotazama kazi yake alifurahi. Hakujificha. Hakuyaweka majani chini ya benchi. Na alipotaka hema lake lipambwe kule jangwani, alimwita fundi kwa jina, akamjaza Roho, ili achonge na kutarizi. Habari hiyo nilikuwa nairuka kila mwaka nikisoma, kwa kuwa ilikuwa inanitazama usoni. Na Mwana wake alipokuja kwetu alikulia wapi? Si ikuluni. Alikulia kwenye maranda.

Mimi nilidhani namlinda Mungu dhidi ya majivuno. Ukweli ni kwamba nilikuwa najilinda mimi. Mtu akichonga hadharani anaweza kuchekwa, anaweza kuulizwa kama hii ni mimbari au shamba, na dada yangu alikubali kuulizwa. Mimi sikukubali. Nikauita woga wangu unyenyekevu, nikauita wivu wangu utii, na ninyi mkaniamini, na kwa miaka yote hii mafundi wote waliopita mikononi mwangu nimewafundisha kwamba ubao mtakatifu ni ubao mtupu. Wangapi niliowazima? Sijui idadi yao. Wengine wako humu ndani, nawaona, na siwezi kuwatazama machoni.

Kwa hiyo, Baba Askofu, cheti hiki sitakikabidhi. Kina jina lake na kazi yangu, na kazi yenyewe ni nakala ya kazi yake niliyoiua. Kama mtapenda kumheshimu, mheshimuni kwa ubao huu wa katikati, ambao haupo tena. Nilifikiri kumwomba auchonge upya. Jana jioni niliupima. Umebaki mwembamba mno, ukiutia kisu utapasuka. Basi uacheni ulivyo, na mtu akiuliza kwa nini umezama, aambiwe.

Na sitamwomba dada msamaha mbele yenu. Nilitaka kufanya hivyo, nikaona ni ujanja mwingine, maana mtu akiombwa msamaha mbele ya watu mia tatu atakataaje? Nisingempa nafasi ya kuchagua, kama ambavyo sikumpa siku ile nilipomwambia shika huku. Naomba pia mtu yeyote asimsimamishe, asimpigie vigelegele, asimbebe. Mwacheni ale.

Nimebakiza jambo moja. Fundi anayenirithi kiti, baba wa watoto watatu, yule mwenye kalamu sikioni hata akivaa suti, alinijia jana mchana. Aliniuliza, "Mzee, ule mlango mpya wa mbele, naweza kutia machongo kidogo? Kuna kitu nakiona nikifumba macho." Jana, ndugu zangu, nikijua fika nilichomfanyia dada yangu. Na mnajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Tutaona." Alisema sawa mzee, akaondoka, na nilimwona mabega yakishuka. Nayafahamu mabega yale.

Fundi, inuka. Barua yangu ya kustaafu inasema utumishi wangu unakoma saa kumi jioni, na sasa ni saa nane na robo. Mpaka saa kumi mimi ndiye mkuu wako. Nakuagiza mbele ya Askofu na baraza zima: chonga. Anzia katikati ya mlango, usawa wa macho, na usimwonyeshe mtu michoro ili akuruhusu. Wazee wakikuuliza ni mlango au ni nini, waambie ulichokiona. Na akitokea mtu na randa, hata kama ni mimi, usimshikie ubao.

Baba Askofu, wazee, mama watoto, ndugu wote, nawashukuru kwa kunipa sikio mpaka mwisho. Mlistahili kuyasikia haya miaka ishirini na miwili iliyopita.